Jinsi ya Kuunda Wakati Uliopita katika Kiesperanto: Mwongozo kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Tangu Kongamano la Dunia la Kiesperanto lilipofanyika Arusha mwezi Agosti 2024, likiwa la kwanza kuwahi kufanyika barani Afrika, wanaoanza kujifunza lugha hii wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa sura nyingi: je, kiambishi «-is» ndicho «-li-» yetu, au ndicho «-me-»? «Nilikula» na «nimekula» vinaandikwaje? Na ile «-ka-» ya masimulizi inakwenda wapi? Vitabu vingi vya kujifunzia viliandikwa kwa ajili ya Wazungu, na humaliza wakati uliopita kwa mistari miwili kisha vikaendelea na mambo mengine. Mistari hiyo miwili ni sahihi, lakini haimtoshi mtu anayefikiri kwa Kiswahili, kwa sababu ugumu wetu haumo katika kuunda neno bali katika kuamua ni lini neno hilo linafaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe uliyekwama hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Hakikisha unayajua viwakilishi vya nafsi: mi (mimi), vi (wewe au ninyi), li (yeye, mwanamume), ŝi (yeye, mwanamke), ĝi (kitu au mnyama), ni (sisi) na ili (wao). Uwe umekwisha kujifunza wakati uliopo, unaoishia na «-as», kwa maana tutaulinganisha na wakati uliopita mara nyingi. Andaa daftari lenye vitenzi kama 20 unavyovitumia kila siku, vikiwa katika umbo la kamusi linaloishia na «-i»: iri (kwenda), veni (kuja), manĝi (kula), legi (kusoma), vidi (kuona), diri (kusema), scii (kujua), dormi (kulala usingizi), sidi (kukaa kitako), stari (kusimama) na kadhalika. Mwisho, uwe na namna ya kuandika herufi zenye kofia. Kama simu yako haina kibodi ya Kiesperanto, andika x baada ya herufi husika, kwa mfano «mangxis» badala ya «manĝis». Wasomaji wote wa lugha hii wanaielewa njia hiyo.

Nadharia tunayoihitaji ni fupi. L. L. Zamenhof, aliyekiunda Kiesperanto, alipoitoa lugha hii mjini Warsaw mwaka 1887, sarufi yake ilikuwa na kanuni 16 tu, na kanuni ya 6 ndiyo inayohusu vitenzi. Kanuni hiyo haina kitenzi hata kimoja kinachokwenda kinyume nayo, kwa hiyo utakalojifunza katika hatua ya 1 na ya 2 litakufaa kwa vitenzi vyote bila kubagua.

Hatua

1. Pata shina la kitenzi. Ondoa «-i» ya mwisho katika umbo la kamusi: legi inabaki leg-, iri inabaki ir-, manĝi inabaki manĝ-. Ondoa herufi moja tu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kitenzi «scii», kwa kuwa wanaziona i mbili na kuziondoa zote. Shina lake ni sci-, na i ya kwanza ni mali ya shina. Hali ni hiyo hiyo kwa «krii» (kupiga kelele), ambacho shina lake ni kri-.

2. Ongeza «-is» mwishoni. Legis, iris, manĝis, vidis, diris. Na vile viwili vya hapo juu vinakuwa sciis na kriis, vyenye i mbili zinazosikika. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya katika Kiswahili, kwa hiyo utasema LE-gis, MAN-ĝis, SCI-is. Irabu za Kiesperanto ni zile zile tano tulizozoea, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu tofauti kati ya -as (uliopo), -is (uliopita), -os (ujao) na -us (masharti) inabebwa na irabu peke yake. Jihadhari na jambo moja: ulimi wetu hupenda neno liishie kwa irabu, na nimewasikia wengi wakisema «legisi». Irabu hiyo ya ziada huusogeza mkazo na kumchanganya msikilizaji. Funga neno kwa s.

3. Taja mtendaji, tena mara moja. Katika Kiswahili mtendaji amo ndani ya kitenzi, ndiyo maana «nilisoma» ni sentensi kamili. Katika Kiesperanto kitenzi hakimbebi mtu, na umbo lake halibadiliki kwa nafsi wala kwa idadi: mi legis, vi legis, ŝi legis, ni legis, ili legis. Ukiandika «Hieraŭ legis libron» ukidhani umesema «Jana nilisoma kitabu», msomaji atabaki akijiuliza ni nani aliyesoma. Andika «Hieraŭ mi legis libron.»

Kosa la upande wa pili ni kumtaja mtendaji mara mbili. Kwa kuwa sisi husema «mtoto a-lisoma», wapo wanaoandika «La infano li legis». Jina likiwapo, kiwakilishi hakihitajiki: «La infano legis.»

Kuna pia mtego wa macho. Neno «li» la Kiesperanto ni kiwakilishi cha mwanamume, halihusiani hata kidogo na «-li-» yetu ya wakati uliopita. Sentensi «Li venas» haimaanishi kwamba mtu alikuja, bali kwamba anakuja. Wakati utauona mwishoni mwa neno, kwa hiyo zoeza jicho lako kutazama mkia wa kitenzi kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

4. Kanusha na uliza bila kukigusa kitenzi. Kiswahili hubadilisha kiambishi cha wakati katika ukanushi: «nilisoma» inageuka «sikusoma», na «nimesoma» inageuka «sijasoma». Kiesperanto huweka «ne» mbele ya kitenzi na kukiacha kitenzi kama kilivyo: «Mi ne legis.» Ukitaka kubeba maana ya «sijasoma», yaani tendo bado linatarajiwa, ongeza «ankoraŭ»: «Mi ankoraŭ ne legis.» Katika swali, weka «ĉu» mwanzoni, kama tunavyoweka «je»: «Ĉu vi manĝis?»

«Umewahi» na «sijawahi» zina maneno yake mazuri. «Ĉu vi iam vizitis Varsovion?» ni «Umewahi kutembelea Warsaw?», na jibu la kukana ni «Mi neniam vizitis ĝin.» Usiongeze «ne» hapo, maana «neniam» tayari imebeba ukanushi, kama ilivyo kwa «neniu» (hakuna mtu) na «nenio» (hakuna kitu). Kwetu «Sikuona mtu yeyote» inakanushwa kwenye kitenzi. Kwao ni «Mi vidis neniun», na inatosha.

5. Ichunguze «-me-» kabla ya kuifasiri. Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu, na naomba uisome polepole.

«-li-» haina shida: karibu kila mara inakuwa «-is». Lakini «-me-» ina kazi mbili. Wakati mwingine inaeleza tendo lililokwisha, kama «amefika». Wakati mwingine inaeleza hali iliyopo sasa hivi kutokana na tendo hilo, kama «amelala». Kiesperanto hakina umbo moja linalobeba kazi zote mbili. Tendo lililokwisha linachukua «-is», na hali iliyopo inachukua «-as».

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimsaidia alikuwa akiandikiana kwa simu na rafiki wa mbali. Usiku mmoja alitaka kusema «Mama amelala, siwezi kuongea kwa sauti», akaandika: «Mia patrino dormis, mi ne povas paroli laŭte.» Rafiki yake akamjibu kwa kuuliza kwa nini hawezi, ilhali mama amekwisha kuamka. Na huyo rafiki alikuwa sahihi. «Dormis» ni usingizi uliopita. Mama alilala, na sasa halali. Alipaswa kuandika «Mia patrino dormas.»

Kipimo ninachowafundisha ni hiki. Ukikutana na «-me-», jiulize: mtu akitazama sasa hivi, ataiona hali hiyo bado ipo, na hali hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza? Kama ndiyo, tumia «-as», au «estas» pamoja na kivumishi. Kama unaeleza tukio lililotokea, tumia «-is». Tazama mifano:

- Amekaa: Li sidas.
- Amesimama mlangoni: Li staras ĉe la pordo.
- Amenyamaza: Li silentas.
- Amebeba mzigo kichwani: Ŝi portas ŝarĝon sur la kapo.
- Nimechoka: Mi estas laca.
- Nimeshiba: Mi estas sata.
- Mgeni amefika: La gasto alvenis.
- Babu amekufa: Avo mortis.
- Nimeshakula: Mi jam manĝis.
- Ndiyo kwanza ameondoka: Li ĵus foriris.

Katika mifano miwili ya mwisho, «-sha-» na «ndiyo kwanza» zimebebwa na maneno ya kujitegemea, «jam» na «ĵus». Yajue maneno haya mawili kwa moyo, kwa sababu yatakupatia karibu kila kivuli cha maana ambacho «-is» peke yake haikionyeshi.

Je, ukitaka kueleza kitendo cha kuingia katika hali, yaani «alikaa kitako» au «alisimama kutoka kitini»? Hapo Kiesperanto hutumia «-iĝ-» au «ek-»: «Li sidiĝis», «Li stariĝis», «Li ekdormis» (alishikwa na usingizi). Kwa hiyo «sidis» maana yake ni kwamba alikuwa amekaa, na «sidiĝis» maana yake ni kwamba alikaa. Ninyi mnaotofautisha «alikuwa amekaa» na «alikaa» kila siku bila kufikiri mtaiona tofauti hii mara moja.

Jambo moja zaidi kuhusu «-me-», linalowakosesha hata waliokwisha kuzoea. Ukisema «Nimekaa Arusha miaka mitatu» na bado unaishi huko, ukaaji haujaisha, kwa hiyo ni «Mi loĝas en Aruŝo jam tri jarojn.» Ukiandika «Mi loĝis en Aruŝo tri jarojn», umewaambia watu kwamba umehama.

6. Simulia bila «-ka-». Kiesperanto hakina kiambishi cha kuunganisha matukio. Kila kitenzi katika mfuatano kinachukua «-is» yake, na mtendaji akiwa yule yule anatajwa mara moja tu. «Jana nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani, nikampikia mama» inakuwa: «Hieraŭ mi iris al la bazaro, aĉetis fiŝon, revenis hejmen kaj kuiris por mia patrino.» Usibadilishe vitenzi vya katikati kuwa vya «-as» au «-i» kwa kudhani kwamba kile cha kwanza kimekwisha kuuweka wakati. Ukitaka msomaji ahisi hatua moja ikifuata nyingine, tumia «poste» (baadaye) au «tiam» (ndipo), lakini kwa kiasi. Ukiviweka kabla ya kila kitenzi, hadithi inachosha.

7. Tenganisha «tulikuwa tunakula» na «tulikuwa tumekula» inapobidi tu. Mara nyingi «-is» pamoja na neno dogo inatosha: «Kiam li alvenis, ni jam manĝis» inaeleweka kuwa alipofika tulikuwa tumeshakula. Maumbo marefu yapo. «Ni estis manĝantaj» ni «tulikuwa tunakula», na «ni estis manĝintaj» ni «tulikuwa tumekula». Angalia ile «-j» ya mwisho: neno hilo hufuata idadi ya watendaji kama kivumishi, kwa hiyo kwa mtu mmoja ni «mi estis manĝanta». Ushauri wangu ni kwamba usiyatumie maumbo haya kwa miezi yako ya mwanzo. Wanaoyatumia kila mahali huandika sentensi nzito ambazo wazungumzaji wazoefu hawazisemi.

8. Katika kauli ya kutendwa, chagua kati ya «-it-» na «-at-». «Barua iliandikwa jana» ni «La letero estis skribita hieraŭ.» «Barua ilikuwa inaandikwa» ni «La letero estis skribata.» Wakati unaonyeshwa na «estis», na herufi i au a katika neno linalofuata inaonyesha kama tendo limekamilika au lilikuwa likiendelea. Waesperanto wenyewe walibishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, mpaka Akademia ya Kiesperanto, chombo kinachosimamia lugha hii, ilipotoa uamuzi mwaka 1967, na huu ninaokupa ndio mkondo ulioshinda. Kwetu jambo hili ni jepesi kuliko ilivyokuwa kwao: «Mlango umefungwa» ni «La pordo estas fermita», «Mlango unafungwa» ni «La pordo estas fermata», na ukitaka kuyapeleka yote nyuma unabadilisha «estas» kuwa «estis» bila kugusa lingine.

9. Usisogeze wakati katika maneno yaliyonukuliwa. Ukisimulia mtu alichosema, weka wakati ambao yeye mwenyewe aliutumia. Alisema «mimi ni mgonjwa», wewe unasema «Alisema kwamba ni mgonjwa», na Kiesperanto kinasema vivyo hivyo: «Li diris, ke li estas malsana.» Wenye shida hapa ni wale waliosoma Kiingereza shuleni kwa bidii, wanaoandika «estis» kwa mazoea ya lugha hiyo. «Li diris, ke li estis malsana» ina maana nyingine: kwamba alisema aliugua hapo awali. Katika hatua hii, mfuate Mswahili aliye ndani yako.

Ukikwama

*Umeandika «mi estis legis».* Hili linatoka katika «nilikuwa nilisoma» au «nilikuwa nikisoma» inayozunguka kichwani. Vitenzi viwili vyenye «-is» havikai pamoja kwa namna hiyo. Ondoa «estis», «mi legis» inatosha, na kama usomaji ulikuwa wa kurudiarudia au wa muda mrefu, tumia «-ad-»: «mi legadis».

*Unataka kusema «nilikuwa na fedha».* Usitumie «esti» (kuwa) pamoja na «kun» (na). Kitenzi cha kumiliki ni «havi»: «Mi havis monon.» Lakini «kulikuwa na watu wengi» ni «Estis multaj homoj», bila mtendaji mbele. Vitenzi vya hali ya hewa pia havina mtendaji: «Ilinyesha mvua» ni «Pluvis» peke yake.

*Umeona neno linaloishia na «-is» lakini halieleweki kama kitenzi.* Huenda ni «ĝis», ambalo maana yake ni «hadi». Ondoa «-is» na uangalie kama kinachobaki ni shina lililomo katika kamusi.

*Sentensi ina «-nge-» au «-ngali-».* Hapo si mahali pa «-is». Masharti yana mwisho wake, «-us»: «Kama ningejua, ningekuja» ni «Se mi scius, mi venus.» Kwa «ningalijua, ningalikuja» unaweza kuandika «Se mi estus sciinta, mi estus veninta», ingawa mara nyingi umbo fupi pamoja na neno kama «hieraŭ» linatosha kabisa.

*Hujui pa kuweka «-n».* «-n» ni alama ya yambwa, yaani anayetendwa, na wakati hauiathiri. Kama ungesema «Mi vidas lin» leo, jana ulisema «Mi vidis lin.» Tofauti ni kwamba «-m-» yetu ya «nilimwona» inakaa ndani ya kitenzi, na «lin» inakaa nje, usiisahau kwa sababu tu hukuitafuta.

*Sentensi yenye «aliyekuja» au «alipokuja» inakushinda.* Ivunje. Urejeshi unasimama peke yake kama «kiu» au «kiam», na kitenzi kinabaki na «-is» yake: «mtu aliyekuja» ni «la homo, kiu venis», na «alipokuja» ni «kiam li venis».

Jipime

Fasiri sentensi hizi bila kutazama majibu, kisha ulinganishe.

a) Watoto wamelala.
b) Jana watoto walishikwa na usingizi mapema.
c) Ilinyesha mvua, tukabaki nyumbani.
d) Hujala bado?
e) Alisema amechoka. (Aliyesema ni mwanamke.)
f) Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Majibu:

a) La infanoj dormas.
b) Hieraŭ la infanoj frue ekdormis.
c) Pluvis, kaj ni restis hejme.
d) Ĉu vi ankoraŭ ne manĝis?
e) Ŝi diris, ke ŝi estas laca.
f) La fenestroj estis fermitaj.

Ukikosa (a) au (e), rudi kwenye hatua ya 5. (E) inahitaji pia hatua ya 9. Ukikosa (f) kwa kusahau «-j», hatua ya 7 inaieleza.